Karatasi niliyobandika ukutani kijijini Palestina, na binti wa watu aliyechukuliwa na wanajeshi kwa sababu yake

Wakuu, habari za humu ndani.

Wadogo zangu marahaba kabla hata hamjanisalimia, maana najua wengi humu ni rika la watoto wangu.

Mimi kawaida yangu ni kusoma nyuzi za watu na kucheka peke yangu. Naandika kwa kidole kimoja, na shule niliishia darasa la nne Muheza, kwa hiyo mkikuta herufi zimepanda juu ya herufi pitilizeni tu. Ila haya yamenikuta mimi mwenyewe. Sijaongeza kitu, na pale nilipofanya vibaya nitasema nilifanya vibaya.

Majina nimebadilisha. Kijiji sikitaji. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini.

Naishi Apple Valley, hapa Minnesota, kwa binti yangu Mwajuma. Kazi yangu iko Saint Louis Park, nursing home, mwaka wa kumi na nane huu. Mimi ni CNA. Kwa msiojua, CNA ndiye anayewaogesha wazee, anawavalisha, anawalisha, na wale wasioweza kujigeuza anawageuza kitandani.

Kugeuza mtu siyo mchezo. Mtu aliyepooza ukimlaza upande mmoja saa nyingi, nyama inakufa pale mfupa unapokandamiza. Inaanza doa jekundu tu, kama kaungua na pasi. Halafu linapasuka. Nimeona kidonda kinachoingia ngumi, na mwenye kidonda anakutazama. Basi, wengine mnakula.

Kwa hiyo kazini kwetu kuna sheria tatu. Mgonjwa anageuzwa kila baada ya saa mbili. Akiwa mzito anageuzwa na watu wawili, ukikutwa peke yako unaandikiwa barua. Na ukishamgeuza, unaandika kwenye chati saa ngapi, upande gani, na herufi ya jina lako.

Supavaiza wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Liberia, mnene, anatembea kama treni. Akikuta hukuandika, hata kama mgonjwa umemgeuza mbele ya macho yake, anakwambia hukufanya. Tulimchukia huyo mama! Lakini miaka ikipita unazoea, mkono wenyewe ukimaliza kugeuza unatafuta kalamu. Sasa hivi hata nyumbani nikinywa dawa ya presha naandika kwenye kalenda ya jikoni.

Hiyo tabia ya kuandika ndiyo iliyoniponza.

Kuna dada mmoja Mkenya, nurse, tunafanya naye kazi, anakaa kule Anoka. Nimwite Njeri. Mkristo safi, mcheshi, mwili umejaa kama mimi. Yeye ndiye aliyeniambia kuna kikundi kinakutana basement ya kanisa moja pale pale Saint Louis Park. Kiongozi wao mama wa Kizungu, nurse mstaafu, nimwite Linda. Kila mwaka Linda anakwenda na kina mama wachache kijiji kimoja Ukingo wa Magharibi, kule Palestina, wanafundisha wanawake kuuguza wagonjwa majumbani.

Kwa nini majumbani? Kwa sababu kile kijiji kina njia moja ya gari, na njia ina geti la chuma, na geti lina wanajeshi. Siku wakilifunga, mgonjwa wako utamuuguza wewe.

Njeri akaniambia, "Mama Mwajuma, wewe ndio professor wa kugeuza watu. Twende."

Nikamwambia, "Mimi? Na hii green card yangu?"

"Si uko na passport? Tutaenda, tutarudi. Usiogope bure."

Bure? Mnajua hali ya hapa Minnesota siku hizi. Nina shoga yangu, karatasi zake zote ziko sawa, na hatoki kwenda dukani bila kupiga simu kwanza kuuliza kama watu wa uhamiaji wameonekana barabarani. Na mimi siyo raia. Mtihani wa uraia naukimbia mwaka wa ngapi huu, Kiingereza cha kuandika kinanitoa jasho.

Mwajuma alipojua aliwaka. Akikasirika anaacha Kiswahili. "Mama, are you serious? Wakikuzuia kurudi? Unaosha watu hapa all week, haitoshi?"

Haikutosha. Na nitasema ukweli wangu, sikwenda kwa ajili ya wagonjwa peke yake. Toka niko chuoni, mwalimu anatuchapa na mkwaju tukikosea sura, nilikuwa natamani kuswali Al-Aqsa. Nikaona hii ndiyo njia. Nia mbili kwenye safari moja.

Viza ilichukua muda mpaka nikakata tamaa. Ikatoka. Uwanja wa ndege wa kule nikahojiwa mpaka miguu ikavimba, nikaachiwa. Al-Aqsa niliswali, alhamdulillahi, nililia kama mtoto, hayo nisiwachoshe nayo.

Tukaingia kijijini.

Nilifikia nyumba ya Umm Hanan. Wao wanaitana kama sisi, kwa jina la mtoto, Umm ni mama na Abu ni baba, kwa hiyo na mimi nikawa Umm Mwajuma siku hiyo hiyo. Tulielewana haraka. Kiarabu changu ni cha msahafu, nikikiongea wanawake wanashika mbavu, nadhani nilikuwa naomba chumvi kama mtu anayesoma hotuba ya Ijumaa.

Mumewe, Abu Hanan, alipigwa na stroke. Mzee mrefu, mzito, hasemi, mkono mmoja tu ndio unacheza. Mtoto wao ni mmoja, Hanan, anasomea unesi chuo cha mjini, ng'ambo ya geti. Kila asubuhi anapita pale, anaonyesha kitambulisho, anasubiri. Kiingereza anakijua, ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Alikuwa ananiita Hajja, nami nikamwambia sijahiji bado, akasema, "Basi nakuombea, Hajja."

Hofu ya pale wakuu siyo kama hofu ninayoijua mimi. Huku unaogopa barua, unaogopa gari lililosimama nje. Kule mtu anaogopa huku anakata nyanya. Mlio wa gari ukibadilika barabarani, wote wanaacha kuongea, visu vinasimama, wanasikiliza, gari likipita wanaendelea na maneno pale pale walipoachia. Mimi moyo ulikuwa unachukua nusu saa kurudi mahali pake.

Darasa lilikuwa sebuleni, kwenye kitanda cha Abu Hanan, naye mwenyewe ndiye somo. Wanawake saba. Niliwafundisha kugeuza kwa kanga. Unakunja kanga, unaipitisha chini ya makalio ya mgonjwa, mmoja huku mmoja kule, mnahesabu moja mbili tatu, mnavuta. Mtu anageuka kama chapati. Walipenda! Wakatoa mashuka yao wakakata vipande vya saizi ya kanga.

Halafu nikawaambia sheria zetu tatu. Saa mbili. Watu wawili, hata iweje, usithubutu peke yako. Na kuandika.

Nikachukua karatasi nikachora chati. Namba za saa nikaandika mimi kwa mkono wangu: 8, 10, 12, 2, 4, 6. Kuandika "kushoto" na "kulia" kunanichosha, kwa hiyo nikachora mishale. Mshale huku, mshale kule. Pembeni herufi ya aliyegeuza. H ni Hanan, U ni mama yake, K ni Khadija, jirani wa ukuta kwa ukuta. Hanan akaniandikia maneno ya Kiarabu juu, tukaibandika ukutani juu ya kitanda.

Nikaona imependeza. Kama kazini kabisa.

Hapo nikafanya jingine. Nikawapa homework. Nikasema kila mmoja aende nyumbani kwake, alaze mto kitandani, ajifanye mto ni mgonjwa, augeuze siku nzima na aandike. Hanan akawanakilishia wote karatasi ile ile. Saa zile zile, mishale ile ile.

Wanafunzi wazuri wale. Wakabandika kweli.

Linda hakuwepo siku hiyo, yeye na Njeri walikuwa upande wa pili wa kijiji wanapima presha. Angekuwepo angenizuia? Sijui. Yeye naye ni nurse.

Siku ya tatu baada ya hapo, saa nne asubuhi, visu vikasimama.

Safari hii gari halikupita.

Walikuwa wanapekua nyumba. Sijui walitafuta nini, wenyeji walisema kuna kitu kilitokea barabara kuu. Tulisikia milango ya chini kwanza, halafu ya jirani, halafu mlango wetu. Waliingia watano. Nyumba ikawa ndogo ghafla. Bunduki kwa karibu ni kitu kikubwa wakuu, kwenye TV inaonekana nyembamba.

Tulikuwa watano: Abu Hanan kitandani, mkewe, Hanan ambaye siku hiyo hakuwa na kipindi, Khadija, na mimi na kanga yangu mkononi.

Mkubwa wao akaangalia kitanda, akaangalia ukuta. Akabandua karatasi. Halafu akatoa mfukoni karatasi nyingine mbili, zimekunjwa, akaziweka pamoja na ile.

Zote tatu sawa.

Nikaelewa kabla hajafungua mdomo. Wakuu, hebu zitazameni kwa macho yake. Nyumba tatu tofauti. Saa zimepangwa moja baada ya nyingine. Herufi za majina. Mishale kushoto, kulia. Ungekuwa wewe ndiye mwanajeshi ungesema nini kama siyo zamu za watu wanaolinda njia?

Akaongea na Hanan kwa Kiarabu, halafu kwa Kiingereza. Hanan akaonyesha baba yake, akaeleza. Yule akasema, Kiingereza hiki nilikielewa vizuri sana, "In the other houses there is no sick man."

Huko kulikuwa na mto tu.

"Who made this?"

Kimya.

Sasa hapa ndipo palipofanya niandike huu uzi. Naombeni mnisome taratibu.

Namba za ile ya ukutani zilikuwa mwandiko wangu. Nne yangu naiandika wazi juu, kama kiti kilichopinduliwa, hakuna mtu mwingine pale anayeiandika hivyo. Nilikuwa nimesimama hatua mbili. Nilikuwa na maneno mdomoni kabisa, ni mimi, I made it, maneno matatu hata wa darasa la nne anayaweza.

Nikamuona Mwajuma. Nikaona green card. Nikaona chumba kile cha uwanja wa ndege walichonihoji. Ulimi ukawa mzito kama wa Abu Hanan.

Hanan akasema, "I wrote it."

Yule mkubwa akanigeukia. "And you? Who are you?"

Nikampa paspoti. Nikamwambia, "I came to pray. Al-Aqsa."

Na ilikuwa kweli. Ndiyo inayoniuma, ilikuwa kweli. Nilitumia swala yangu kujifichia.

Wakamchukua Hanan. Hakulia. Alimwambia mama yake neno fupi, akavaa viatu, akatoka katikati yao. Umm Hanan alifika mpaka mlangoni, wakamzuia kwa mkono. Abu Hanan kile kiganja chake kimoja kilikuwa kinapiga godoro, pa, pa, pa.

Wakaondoka na karatasi zote tatu.

Umm Hanan akarudi akakaa, akainuka, akanimiminia chai. Mimi!

Saa sita tukamgeuza mzee, mimi na yeye. Saa nane tukamgeuza tena. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe.

Katikati ya hayo Linda na Njeri walikuwa wamekuja mbio. Linda akashika simu, akapigia wanasheria, akapigia sijui ofisi gani, anaambiwa asubiri, anaambiwa apige namba nyingine. Nikamvuta Njeri jikoni nikamwambia yote. Namba ni zangu, mto ni wangu, nimenyamaza.

Njeri akasema, "Mama, hata mimi ningefreeze." Halafu akasema, "Lakini sasa umetoka freezer, ama?"

Tukarudi sebuleni tukamkuta Umm Hanan amevaa joho lake la kutokea, anafunga kitambaa. Anakwenda getini.

Linda akasema hapana. Kikundi kina sheria, hakuna kukaribia geti bila ruhusa, mtu anaweza kupigwa risasi, na akipigwa hakuna atakayerudi hapa kufundisha tena. Alisema kweli. Umm Hanan hakumsikiliza, akapita mlangoni kama hayupo.

Nikachukua kanga nikamfuata. Njeri akasema, "Ngoja basi," akatufuata. Linda naye akaja nyuma, simu sikioni, analalamika na kuomba Mungu kwa pamoja. Tukamwambia Khadija, kaa na mzee.

Kutoka nyumbani mpaka getini ni kama kutoka parking ya kazini kwetu mpaka lifti, mara tano hivi. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Barabara tupu. Jua kali. Nilikuwa nasoma kila sura niliyochapiwa na mkwaju, zinachanganyika.

Kipaza sauti kikalia. Tukasimama. Kikalia tena, Umm Hanan akapiga hatua mbili mbele, nikaona mtutu wa bunduki juu ya mnara wa geti unatugeukia, taratibu, kama mtu anayegeuza shingo.

Miguu yangu ikalowa. Ndiyo, nilijikojolea. Nina miaka sitini na tisa na sioni haya kusema.

Nikainua mikono na kanga juu. Nikapiga kelele, "I made the paper! Me! Not the girl!"

Akatoka mwanajeshi mmoja nyuma ya ukuta wa zege. Akasema turudi.

Nikamwambia, "I show you." Akasema turudi. Nikamgeukia Njeri.

Njeri akasema kwa Kiswahili, chini chini, "Mungu wangu, hii lami ni moto," akalala. Nurse mzima, RN, kilo zake tisini, chali katikati ya barabara ya geti.

Nikapiga magoti. Nikapitisha kanga chini yake. Nikamwita Linda, Linda akaweka simu mfukoni akashika upande wa pili, one two three, tukamvuta, akageuka. Nikaonyesha vidole. "Two hours! Left!" Tukamgeuza tena. "Two hours! Right! Old man, sick, no move! The other house, pillow! Homework!"

Neno homework nililisema labda mara kumi. Sauti ilikuwa inapasuka.

Mwanajeshi mwingine alitoka na simu akawa anarekodi, anacheka. Sikujali. Yule wa kwanza hakucheka. Alitazama mpaka mwisho, akasema, "Go back," kwa mara ya tatu, akaingia ndani.

Hatukurudi. Tulikaa kwenye mawe kando ya barabara, mbali kidogo walipotuonyesha kwa mtutu. Saa kumi ikapita. Njeri mgongo umemwiva. Umm Hanan alikuwa ananishika mkono, hajui nimefanya nini asubuhi, hakuwa ameelewa kile Kiingereza. Kila akinibana vidole mimi natamani ardhi inifunike.

Kabla ya Maghribi tukaona mtu anakuja kwa mguu upande wa pili wa geti. Anasugua vifundo vya mikono kama mtu aliyekuwa amefungwa.

Hanan.

Kwa nini walimwachia sijui mpaka leo. Labda simu za Linda. Labda Njeri kwenye lami. Labda walichoka naye tu. Mtu asiniulize kama onyesho letu lilisaidia, sijui, na mwenyewe Hanan hajui. Hakuna aliyemwambia kitu.

Mama yake alimkumbatia hawakuachana. Tukasogea kumpa pole. Akainua kichwa juu ya bega la mama yake, akaniuliza mimi:

"Hajja, baba amegeuzwa?"

Wakuu.

Tulitoka nyumbani muda mfupi baada ya saa nane. Ilikuwa inakaribia saa moja.

Tulikimbia. Mimi na magoti haya nilikimbia. Tukamkuta Khadija amekaa pembeni ya kitanda macho yamemvimba. Mzee yuko ubavu ule ule tuliomwacha. Hanan akamuuliza mbona hukumgeuza, na Khadija akajibu huku ananionyesha mimi kidole, na Hanan akanitafsiria: "Anasema ulikataza. Ulisema watu wawili, hata iweje."

Alikaa pale zaidi ya saa nne anamtazama, anaogopa kuvunja sheria ya Saint Louis Park.

Tukamgeuza. Kwenye nyonga kulikuwa na doa jekundu, kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Nikalibonyeza kwa kidole. Likiwa zuri, ukibonyeza linapauka halafu damu inarudi. Hili halikupauka. Lilibaki jekundu linanitazama.

Hospitali iko ng'ambo ya lile geti.

Siku zilizobaki sikulala sawasawa. Kila nikisikia gari nasimama, kila nikisimama naenda kufunua shuka. Ile hofu yote ya bunduki iliisha ikahamia kwenye kile kidoa. Kilizidi kuwa cheusi, ngozi ikaanza kulainika, nikasema kitapasuka hiki. Tulimgeuza kati ya upande mwingine na chali tu, tukamkausha, tukamuinua nyonga kwa mito. Tulipoondoka kilikuwa hakijapasuka wala hakijapona.

Karatasi hatukubandika tena. Wale wanawake wakakaa, bila mimi kufundisha kitu, wakapanga lao. Kule jirani anaingia kunywa kahawa mara sijui ngapi kwa siku, kutoka alfajiri mpaka usiku, ndiyo maisha yao. Basi wakaweka kwamba nyumba ya Abu Hanan kahawa haimiminwi mpaka mzee ageuzwe. Mgeni anashika upande mmoja, mwenyeji upande mwingine, halafu ndiyo birika. Watu wawili tayari, na saa mbili haziwezi kupita kijiji kile bila mtu kutamani kahawa. Hakuna cha kubandua ukutani.

Nilikuwa nakaa kwenye ile sebule siku zote hizo, nakunywa hiyo hiyo kahawa, sikuiona.

Siku ya kuondoka nilimwita Hanan pembeni. Geti lilikuwa limemrudisha siku tatu mfululizo, jina lake sasa likisomwa wanamweka kando. Ya nne akapita. Akipita leo hajui kesho, na chuo hakimsubiri mtu. Nikamwambia nisamehe, nilinyamaza. Nilikuwa na maneno na nilinyamaza.

Akasema, "Niliona, Hajja."

Kumbe aliniona.

Akasema, "Ungesema, wangetuchukua wote wawili. Mimi nilihesabu, nikasema wewe ubaki umgeuze baba."

Hakusema kwa kunichoma. Alisema hivyo hivyo, anafunga mkoba wangu zipu. Nami hata hicho alichoniachia sikukifanya.

Kurudi Minneapolis waliniweka chumba cha pembeni pale airport, nikaulizwa nilikwenda kufanya nini. Nikasema kufundisha wanawake kugeuza wagonjwa, na nikasema na ya karatasi, na ya kunyamaza, na ya geti, na ya kujikojolea, sikubakiza. Yule afisa aliacha kuandika katikati. Nikaachiwa. Mwajuma alikuwa nje na koti langu zito, akanifunika.

Hanan ananiandikia mara moja moja. Doa lilipasuka kidogo baada ya sisi kuondoka, halafu likaanza kujifunga. Mwezi huu anasema limebaki kovu. Kila simu ikilia mlio wake natafuta miwani.

Nilichojifunza mimi wa darasa la nne ni hiki. Kitu ambacho huku kinamlinda mgonjwa, na kinakulinda na wewe mfanyakazi, ukikibeba kwenda kwa watu wanaokaliwa na jeshi kinaweza kuwa ndicho cha kuwafungia. Kabla hujafundisha, muulize mwenyeji: hiki nikikiacha hapa, akiingia mwenye bunduki atakiona nini? Na sheria ukiiweka, sema na siku ya kuivunja. Hiyo "hata iweje" yangu karibu imuue mtu.

Kuhusu kunyamaza sina cha kuwafundisha. Mwajuma sijamwambia hiyo sehemu, anajua ya getini tu, na anawasimulia watu mama yake ni shujaa. Nyinyi ndio wa kwanza, nikiwatoa Njeri, Hanan na yule afisa.

Wauguzi mliomo humu, CNA wenzangu, na mliowahi kwenda kujitolea mahali, njooni mseme. Anayetaka kunisema vibaya naye aseme, nitasoma yote, taratibu, kwa miwani. Ninalotaka kujua ni moja tu: mngekuwa pale ilipoulizwa nani kaandika, mngefungua mdomo?

Msijibu haraka.